Maelezo ya Zipora binti Bujiku Kuhusu Mwalimu Aliyenyimwa Moto

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Shinyanga, tarehe 27 Mei 1954, saa tisa alasiri

Jina: Zipora binti Bujiku. Umri: miaka thelathini na minane kwa kukadiria. Kazi: mkulima wa pamba na mtama. Makazi: karibu na Didia. Dini: Mkristo.

Mimi ni mke wa Masele, aliyeko mahabusu hapa kwa kumpiga Mwalimu Cornel. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Ndugu wa mume wangu walitaka niseme sikuona kitu. Niliona.

Mwalimu Cornel ni mtu wa Nkome, mbali huko ziwani. Alikuja shuleni kwetu mwezi wa Januari, wakawa walimu wawili. Mwenzake akaugua, akarudi kwao, na hakuletwa mwingine. Cornel akabaki peke yake na watoto zaidi ya tisini, asubuhi kundi moja, alasiri jingine. Mwanzoni alikuwa mpole. Baadaye tukawa tunaisikia sauti yake hadi kisimani.

Mnamo tarehe 3 Mei mwanangu Mageni, mwenye miaka tisa, alichelewa shule kwa sababu ng'ombe wetu alikuwa anazaa na baba yake alimhitaji. Mwalimu hakumwuliza sababu. Alimwambia, "Wewe ni ng'ombe, basi lia kama ng'ombe." Akampigisha magoti mbele ya wenzake, mtoto akalia hivyo, nao wakacheka. Angemchapa fimbo mbili ningenyamaza. Mageni alirudi nyumbani na tangu hapo hakusema neno. Ukimya ule ulinikata maini.

Wasumba batale, yaani wakubwa wa vijana wa kijiji, walikaa wakaamua mwalimu asipewe moto, asitekewe maji, asisalimiwe, na dukani asiuziwe hata kibiriti. Ndiyo desturi yetu. Aliyekosa akiona hivyo huenda mwenyewe kwa wazee kuuliza, "Nimekosa nini?" Akishauliza huambiwa, hutoa mbuzi, watu wakala naye, yakaisha. Tulimngoja aulize. Kuuliza si ujinga. Lakini yeye ni mgeni, desturi hiyo hakuijua, akadhani tumemchukia tu. Hakuuliza, nasi hatukumwambia. Kadiri tulivyomnyima ndivyo alivyozidi kuwafokea watoto, na sisi tukawa tunasema, mnaona ubaya wake?

Tarehe 24 Mei, kama saa nane mchana, alimshika Mageni sikio akimtaka ajibu swali la hesabu. Mageni alinyamaza. Mwalimu akapiga kelele, "Hata wewe hutaki kusema na mimi?" Watoto wakakimbia kutuita. Masele alichukua fimbo ya kuchungia. Nilimfuata nikimwambia, "Baba Mageni, hasira hasara." Hakunisikia. Alimkuta mwalimu mlangoni pa nyumba yake, jirani na shule, akampiga fimbo moja ya kichwa, mwalimu akaanguka. Mwalimu hakuinua mkono. Nasema hivi nikijua kwamba mume wangu anaweza kufungwa.

Niliingia ndani kutafuta maji ya kumwosha damu. Mtungi ulikuwa mtupu. Mafiga yalikuwa baridi, na katika sufuria mlikuwa na unga umelowekwa, ndicho chakula chake. Nilipotoka alikuwa amekaa chini. Akaniambia, "Mama Mageni, nimewakosea nini?"

Nilimwambia yote. Alilia, Bwana Koplo, mtu mzima yule. Akasema, "Nimechoka, mama. Tangu mwenzangu aondoke hakuna aliyeniuliza hata nimeamkaje." Nikaenda nyumbani nikachukua kijinga cha moto, nikampelekea mchana kweupe, watu wakiniona. Nilikuwa nimemkasirikia yeye, na nimekikasirikia kijiji, mimi nikiwemo.

Jana jioni, Masele akiwa ameshakamatwa, mwalimu alikuja kwetu, kitambaa kichwani. Aliwaita watoto waliocheka siku ile, akasema mbele yao, "Mageni, nilikutukana. Wewe ni mtoto wa watu. Nisamehe."  Mageni akafungua mdomo, mara ya kwanza tangu siku ile, akasema, "Mwalimu, baba atarudi lini?"

 Hilo hata mimi silijui. Ndiyo maana nimekuja kwenu.

Haya ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Sikumwongezea mwalimu kosa, wala sikumpunguzia mume wangu.

Alama ya dole gumba: Zipora binti Bujiku

Maelezo yametolewa kwa Kiswahili, na mahali pengine kwa Kisukuma. Nimemsomea shahidi, amekubali kuwa ni sahihi. Mlalamikaji, Mwalimu Cornel, yupo nje ya kituo tangu saa sita. Anaomba kuonana na mtuhumiwa. Nimemwambia asubiri.

Koplo Ignas