Mama, Sasa Wanataka Video Ndefu

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini sijazoea kuanza kuongea na wewe bila shikamoo.

Wazee wa Usinge wameleta asali, ile nyekundu uliyoipenda. Ndoo nimezipanga chumbani kwako. Unisamehe, hapa Kaliua hatuna pengine pa kuziweka.

Nimekuja na habari za ukurasa wetu wa mtandaoni. Mwenye nyumba amebadilisha masharti tena. Wewe ndiye uliyempa jina hilo, siku Maganga alipokueleza kwa simu kutoka Dar kwamba kuna algorithimu, mtambo unaoamua video ya nani isambazwe na ya nani ifichwe. Ulimsikiliza mwanao mpaka mwisho, ukasema, "Kumbe sisi ni wapangaji tu." Ukacheka sana.

Zamani ulisimama mbele ya simu, kitenge umekifunga vizuri, ukasalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka!" halafu ukanyamaza. Mimi nyuma ya simu nakukonyeza uendelee, wewe unasubiri. Ulisema mtu hauziwi asali kabla hajaitika salamu. Nikakwambia simu haiitiki. "Wanaitika huko waliko. Mwache mtu amalize." Ndipo unaulizia mvua, unaulizia watoto, na chupa unaifungua mwisho kabisa.

Kisha video zikaacha kuonekana na oda zikakatika. Maganga akasema watu hawasubiri, asali ionekane kwanza, na zile video za mwanzo zifutwe kwa sababu zinaushusha ukurasa. Sote watatu tulikubali, tukazifuta. Nawe ukajifunza, Mama! Kifua kimekubana, umekaa kitandani unafanya mazoezi ya kusema mbio, "Asali mbichi ya Usinge karibuni," mpaka unakohoa. Oda zilirudi. Ulifurahi, nami nikafurahi, na leo furaha ile inaniuma.

Maana sasa wanataka video ndefu. Nakwambia kweli. Mtambo umegeuka, unampenda mtu anayekaa na watu na kuongea taratibu. Yaani wewe! Na wewe tumeshakuzika. Siku niliposikia nililia jikoni kwa hasira, nikaitukana simu kwa Kinyamwezi, yale maneno uliyonikataza.

Nimebaki na video zako za mbio tu. Mwaka wako wa mwisho tuliutumia kukuharakisha, na ulikuwa huna haraka yoyote maishani mwako.

Maganga amekuja na wazo. Anasema kompyuta inaweza kuchukua sauti yako na kuifanya iseme mambo mapya, polepole, kadiri tunavyotaka. "Dada, itakuwa Mama mwenyewe." Usimkasirikie, amekukosa kama mimi. Na shida ni ya kweli: oda zikiisha, duka litafungwa, na wazee wa Usinge watarudi kwa walanguzi wanaowapangia bei.

Akanitumia sauti ya kuonja. Mama, ni wewe. Hata ule mkwaruzo wa koo upo. Sauti ikasema "Mwangaluka," halafu papo hapo ikaendelea na habari za asali. Haikumsubiri mtu. Nikaizima.

Nimemwambia hapana, na tangu hapo ananijibu kwa mkato. Kwenye video nitasimama mimi, na haya zangu hizi unazozijua. Nimejaribu moja. Nilisahau hata bei, na waliotazama wasingejaza basi la kwenda Usinge. Pengine nitashindwa. Pengine mwakani nitakuandikia kwamba duka nimelifunga, na utajua nililia.

Kwaheri, Mama. Bwana akulaze pema. Siku ile hospitalini, nesi alipotoka, mimi ndiye niliyekifunga kinywa chako kwa mkono huu, nikakishikilia mpaka kikatulia. Nakuahidi, nikiwa hai hakuna atakayekifungua tena akuuzishe asali.

Mwanao,
Kalunde