Aliyefagia Stesheni

Jumanne. Baridi ya Julai imeingia mpaka kwenye wino.

Leo wakubwa wa reli wamekuja kuifufua stesheni yetu. Kufufua! Tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ivunjike wameiachia mbuzi, sasa ndio wamegundua ati wafanyakazi wa mitaa ya Kaloleni na Jericho wanahitaji treni ya kwenda mjini, na mabasi yageuzie hapo mbele. Wamepaka ukuta rangi ya maziwa mpaka juu ya buibui. Nimemwona kwa macho yangu, amekauka na mguu mmoja hewani. Hiyo ndiyo kazi ya wasomi.

Mimi nimehudumu kwenye behewa la chakula kutoka Mombasa mpaka Kampala. Nimewamwagia supu watu watatu wenye vyeo, na wote waliniomba radhi. Shule niliachia darasa la tano, mwalimu hakuwa na jipya. Basi nikimtazama mkubwa najua kama ni mkubwa au ni koti tu.

Meneja wa leo ni koti. Kijana, suruali pana miguuni, anaruka madimbwi kama kuku. Alipofika kwenye jukwaa la abiria akasimama.

"Ajabu. Kila kitu kimeoza, lakini hapa ni safi. Nani amekuwa akifagia?"

Mtaa mzima unajua ni Saidi. Zamani alikuwa mtu wa taa za reli. Stesheni ilipofungwa yeye hakuondoka. Analala kwenye chumba cha taa, na kila asubuhi baada ya swala anafagia jukwaa lote. Nimemcheka miaka na miaka. "Saidi, unamfagilia nani, panya?" Naye: "Stesheni ni stesheni, Karanja."

Nikamjibu meneja, "Mimi, bwana."

Mimi!

Sijui lilitoka wapi. Akanipiga bega. "Watu kama nyinyi ndio tunaowataka." Papo hapo nikawa mkaguzi wa tiketi, na kofia nikapewa. Kisha akageuka, akamwona Saidi mlangoni pa chumba chake.

"Na huyu mzee anayelala humu? Ijumaa awe ametoka. Hapa patakuwa ofisi ya tiketi."

Ufagio ulikuwa mkononi mwa Saidi. Lile koti halikuuona.

Na mimi, mdomo wote huu, nikatazama reli.

"Hongera, Karanja," Saidi akasema. "Mwambie fundi asiweke ndoo pale. Sakafu hiyo inashika rangi."

Mchana nilimpelekea chapati na ndengu. Nikamwambia ahamie kwangu, chumba ni kimoja lakini kitanda ni chake, mimi nitalala chini. Chapati alikula. Kuhama akakataa.

"Nije kwako kama nani? Mgeni wa mkaguzi?"

Nilikaa kuandika nikitaka kumtukana meneja. Nimemtukana, na dharau bado imebaki tele. Najua ni ya nani.

Kesho saa mbili nitakuwa mlangoni kwa meneja kabla hajakaa. Kofia achukue. Maneno yenyewe ni machache: aliyefagia ni Saidi, chumba ni cha Saidi, na kazi ni yake akiitaka. Nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo mara sita.

Mara zote sita nimeanza na "Mimi".