Watu Saba Wasiokuwapo

Jumatatu, 3 Machi

Nimempata! Nimempata, nimempata.

Tangazo liko gazetini, ukurasa wa kumi na moja, chini ya picha ya trekta. Mamlaka ya viwango inakaribisha maoni ya wananchi kuhusu kanuni mpya za losheni za kukinga jua — nani apime, apime vipi, kopo liandikwe nini. Maoni kwa maandishi, halafu mkutano wa hadhara tarehe 25. Na meza kuu, mtaalamu mwalikwa: Mzee Koti!

Yeye mwenyewe. Bosi wangu wa miaka sita kule maabara, asiyevua koti jeupe hata akienda kula. Aliyenifukuza miaka mitatu iliyopita kwa barua ya mistari mitatu. Leo ndiye wa kuwafundisha watu kupima kwa haki! Nimecheka hadi jirani akagonga ukuta.

Safari hii hilo koti atavuliwa mbele za watu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepita kitaluni kwa mdogo wangu. Kiranja — jina la shuleni, halijamtoka. Bado anaamrisha kila mtu, hata miche. Kazaliwa na ualbino. Miaka minne alijipaka ile losheni tuliyoiita Hamsini, kwa sababu ya namba kubwa kwenye kopo. Asubuhi, mchana, bila kukosa. Mwaka jana daktari alimkata kipande cha sikio na kumchimba shingoni. Saratani ya ngozi. Kovu limebaki, duara kama kizibo cha soda.

Nimemweleza habari za mkutano. Hakuacha kumwagilia. Akauliza kama hizo kanuni zitaleta losheni inayofanya kazi. Nikasema sijui, ila Mzee Koti atalia. Akanijibu machozi ya Mzee Koti hayapakiki.

Yeye ana moyo wa hivyo. Mimi sina.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshusha boksi juu ya kabati. Nakala zote zipo! Nilizitoa siku ya kufukuzwa, chini ya mboga kwenye kikapu.

Niandike vizuri, nisije nikajichanganya mbele za watu. Losheni ya jua hupimwa mgongoni mwa mtu. Viraba viwili, kimoja kimepakwa, kingine kikavu. Unawasha taa ya mionzi, kesho yake unatazama wapi pamekuwa pekundu, na losheni imekinga mara ngapi; hiyo ndiyo namba ya kopo. Watu kumi, si chini. Hamsini ilipimwa kwa watatu. Mmoja akatoka arobaini na tisa. Wawili hawakufika hata kumi na tano. Halafu taa ikafa, na mwenye kiwanda anapiga simu kila saa. Mzee Koti akasema hao saba waliobaki wajazwe kwenye sitini, wastani utakaa.

Wakajazwa. Watu saba, wana umri, wana uzito, wana mgongo — na hawajawahi kuzaliwa!

Nitawasoma mmoja mmoja. Nataka nimwone anavyotokwa jasho.

Jumanne, 11 Machi

Nimepeleka maoni yangu masijala. Kurasa nane! Dada wa kaunta akazisoma zote, akanirudishia. Kwa upole tu — eti hapa umemtukana mtu, hujatoa maoni. Fomu inauliza ni kifungu gani na unapendekeza nini. Na kama nina tuhuma, nilete ushahidi ukurasa mzima, si kipande.

Maana ile nakala niliyoambatisha nilikuwa nimeikata chini.

Nimerudi kwa miguu. Nimepiga teke geti la watu.

Ijumaa, 14 Machi

Kapiga simu. Yeye! Nani kampelekea habari sijui.

Sauti ileile, laini kama anamliwaza mgonjwa. "Binti yangu, nasikia unazo nakala. Basi zitazame mpaka chini. Pale palipoandikwa mpimaji, sahihi ya nani? Mimi niliidhinisha nilicholetewa." Akanitakia siku njema. Mshenzi!

Sahihi ni yangu.

Haya. Nimeshaandika. Humu hasomi mtu.

Kalamu niliishika mimi. Wale saba niliwatunga mimi, mezani kwangu, mchana mmoja, nikinywa chai. Nilikuwa nasubiri kuthibitishwa kazini. Na Kiranja alipokuja na kopo lake la kwanza, kalikumbatia kama mtoto, akaniuliza, "Dada, si ndiyo hii mliyoipima nyinyi?" — nilisema ndiyo. Basi. Neno moja, nikaendelea kukunja nguo.

Nilijua wale wawili hawakufika kumi na tano.

Lakini nani aliamuru? Nani? Yeye! Na hana hata kovu.

Jumamosi, 22 Machi

Wiki nzima sikuandika.

Jana nimempeleka Kiranja kliniki. Kuna doa jipya begani, wamechukua nyama kidogo kupima. Njiani ananichekesha, anamwigiza daktari. Nimecheka. Nimeshindwa kumtazama.

Nimeamua nitamzamisha Mzee Koti hata kama tunazama wote. Hivyo asubuhi. Mchana nikajiuliza, nikifungwa mimi nani atampeleka kliniki? Jioni nikajua hicho ni kisingizio tu.

Nimetoa nakala mbili. Nzima moja. Iliyokatwa moja. Zote nitakwenda nazo.

Jumanne, 25 Machi — ukumbini

Naandika huku nangoja zamu. Wasemaji ishirini, mimi wa tisa. Wa sita anaongea: mwenye duka la vipodozi, anaogopa kanuni zitampandishia bei. Watu wanapiga miayo.

Mzee Koti yuko meza kuu. Na koti! Kaniona, kanyanyua glasi ya maji kidogo, kama anasema karibu.

Kiranja kaja! Kofia pana, buti za kitaluni, tope tele. Sikumwalika. Kakaa ubavuni mwangu, kataka kuona nitakachosoma. Nimempa iliyokatwa. Kapitisha kidole chini palipokatwa, kauliza nyingine iko wapi. Mkono wangu ukaitoa wenyewe.

Anasoma. Karatasi karibu iguse pua, macho yake ndivyo yalivyo. Mstari kwa mstari. Hana haraka.

Wa nane amemaliza.

Mwenyekiti kaita jina langu. Kaita tena. Kiranja ndiye aliyesimama. Akasema kwa ile sauti yake ya kuwapanga watoto foleni, "Dada yangu sauti imemkauka, nitamsomea mimi." Kaenda na karatasi nzima!

Yuko kwenye maiki. Jina la losheni. Tarehe. Mtu wa kwanza, arobaini na tisa. Wa pili, kumi na mbili. Wa tatu, kumi na tano kasoro. Wa nne, sitini. Wa tano, sitini. Mtu mmoja nyuma kacheka kwa mshangao. Mzee Koti kashika ukingo wa meza, kijasho hicho kwenye paji la uso. Miaka mitatu nimekingoja! Simtazami hata.

Namtazama Kiranja. Wa saba. Wamebaki watatu, halafu ni kile kisanduku cha chini, cha mpimaji, chenye sahihi yangu.

Alipokuwa hapa alikuwa hajafika huko. Au alifika? Alipoinuka hakunitazama.

Wa nane, sitini. Wa tisa —