Bosi Anazitaka Chembe Zangu, Vimeng'enya vya Wifi Havitaki

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla bosi hajanidai jibu, maana mimi ni mkemia katika kiwanda cha dawa na wifi yangu, dada wa mume wangu, yupo maabara hiyo hiyo, yeye mtu wa vimeng'enya, vile vichocheo vya viumbe hai, mimi mtu wa metali, natengeneza chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na kazi yetu ni kuvitia vyote katika chombo kimoja ili kimeng'enya kiibadilishe malighafi na metali iipokee hapo hapo na kumalizia, bila kusimama katikati kuchuja na kusafisha. Mwanzoni metali yangu iliviua vimeng'enya vyake kila mara, tukalaumiana mpaka mama mkwe akauliza mezani, "Nyie mnanuniana kwa ajili ya vumbi?" lakini wifi akaja na wazo la kuotesha chembe juu ya kimeng'enya chenyewe, akakiandaa kwa ufundi wake kiishike metali bila kufa, na mshauri, kikafanya kazi, tukakumbatiana na makoti yetu ya maabara!

Sasa wifi amejifungua, yuko likizo, na bosi kaniita, akafunga mlango. "Mradi unatoka maabara, unahamia kwenye uzalishaji, utauongoza wewe. Vimeng'enya vya wifi yako vinadeka mno, tutanunua vilivyo tayari." Nikamwambia nitafikiri, na kila nikienda kumpakata mtoto wifi ananiuliza, "Chombo chetu kinaendeleaje?" nami najibu, "Salama tu," na mume wangu anasema bahati haiji mara mbili, dada yake ataelewa. Je, nikubali?

Mkemia Njia Panda

JIBU

Mkemia, hongera kwanza, kazi hiyo si lelemama. Lakini "salama tu" ndiyo nini? Mtu amekupa mwanawe umpakate, nawe unamficha habari ya kazi yake mwenyewe! Huyo mumeo mwambie akamuulize dada yake kama ataelewa, asimjibie.

Leo hii nenda kwa wifi yako, umweleze neno kwa neno alichosema bosi. Atakasirika. Mwache akasirike, kisha mpange pamoja.

Kwa bosi usiende kulia undugu, atakuona unambeba wifi yako. Wewe una ushahidi, utumie. Chukua hivyo vimeng'enya vya kununua, otesha chembe zako juu yake, na pembeni weka vya wifi yako, bosi akiwa amesimama hapo anatazama. Ukweli wa kemia hauna cheo. Na uongozi ukubali, unakufaa, ila kwa sharti kwamba ripoti ibebe majina mawili na nafasi yake imsubiri. Kichwa juu, mama!

Baada ya kupokea jibu hili, mkemia alitupigia simu. Wifi alilia, akamfokea, kisha akamwelekeza mahali alipohifadhi vimeng'enya vyake. Jaribio likafanyika mbele ya bosi. Vya kununua vilikufa metali ilipoanza tu kuota, malighafi ikabaki vile vile. Vya wifi vikaendelea na kazi mpaka mwisho. Bosi alivua miwani, akauliza, "Likizo yake inaisha lini?"