Chozi Mwenye Pembe

Mjukuu na mke mwenzangu Zuhura,

Hapa Harrow tu wazima. Mume wetu, babu yako, anakohoa kidogo na kuilaumu Uingereza nzima. Picha yako kutoka Marekani imefika, na unauliza kama huyo ndege kwenye ua ni chozi, yule mdogo wa kwetu anayefyonza maua.

Nilipokuwa bado mgeni hapa, jirani mmoja Mwingereza alinionyesha picha ya kiumbe kinachoelea mbele ya maua yake, akasema ni ndege wa Marekani. Nikahisi ananifanyia mzaha. Nikamwambia huyo ni chozi, kwetu Tanga wamejaa. Akanitazama kama vile nimemleta mimi kwenye begi. Tukaisogeza picha dirishani, kila mmoja akimshuku mwenzake, mpaka tukaona pembe mbili nyembamba kichwani. Kumbe ni nondo, mdudu tu.

Tangu hapo siiamini picha mpaka niikague pembeni kote. Ndege wako hana pembe, na anafyonza ua akiwa hewani. Chozi angetua kwanza. Huyo ni wa huko huko.

Ila ule mkono ulioshika ua umevaa saa ya kiume. Babu yako bado sijamwonyesha. Ni wa nani?

Bibi yako,
Mwanaidi