Karatasi ya Banda la Mjomba

Juu ya duka la fundi viatu,
nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kile kikohozi kimekuacha. Sisi huku miili ni mizima. Magoti yanamsumbua mama kwenye ngazi, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Mimi nina hasira. Nimengoja siku nne ipoe kidogo ndipo nikuandikie.

Kaka, makinda wamekufa. Wale sita wa Mama Mkwe, njiwa jike uliyeniachia ulipoondoka, wamekufa watano. Ulimpa jina hilo kwa sababu haridhiki na lolote, lakini sasa amejiinamia tu. Ni mzee, na mayai yale ya mwaka huu, mawili mawili mara tatu, ndiyo yalikuwa ya mwisho.

Ilianza kwa kutapika. Asubuhi nilikuta mahindi mazima sakafuni, kinyesi cha kijani chepesi kama maji, na mmoja amejikunyata pembeni. Daktari wa mifugo akasema ni kirusi, kinawaandama makinda wanaoanza mazoezi ya mashindano, wakubwa kinawapitia tu. Dawa ya kukiua hana. Unawatenga, unawapa maji, unasubiri. Nilisubiri, na kila siku nikamtoa mmoja.

Sasa sikia kilikotoka. Kanuni ya chama chetu cha njiwa wa mashindano unaijua, wewe ndiye uliyeipigania: kabla makinda wa mabanda tofauti hawajatiwa tenga moja kwenda kurushwa, kila mfugaji analeta karatasi iliyotandikwa chini ya makinda wake usiku uliotangulia, katibu akague kinyesi. Mjomba alileta yake, imekunjwa vizuri kama cheti. Katibu akaipitisha. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona vinyesi vichache, vikubwa, kila kimoja kama kizibo cha chupa. Hivyo ni vya njiwa anayelalia mayai, anayejizuia kutwa nzima asiache kiota. Mjomba alituletea karatasi ya wakubwa, kwa sababu ile ya makinda wake ilikuwa ya kijani.

Niliona, nikanyamaza. Ni mjomba, ndiye aliyenishika mkono siku ya kwanza ya shule, ningeanzia wapi? Nikawatia wetu kwenye tenga pamoja na wake. Kwa hiyo hasira hii nusu ni yake na nusu ni yangu, na nusu yangu ndiyo inayoniuma zaidi.

Jumatano akaja tena chamani. Kwake wamekufa wanne, lakini hataki wawili waliobaki wakose mazoezi, basi kaja na karatasi nyingine, imekunjwa vilevile. Niliichukua mkononi mwake nikaifungua mezani mbele ya wote.

"Mjomba," nikamwuliza, "hawa makinda wako wameanza lini kulalia mayai?"

Watu walicheka, kisha wakaelewa, kicheko kikakatika.

"Wewe mtoto, unanivua nguo mbele za watu?"

Nikamjibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, ila hiki cha kwake kimepitia kwanza bandani kwangu.

Mama anataka nikamwombe radhi. Anasema njiwa ni ndege tu, mjomba ni damu, na ameniagiza nikuandikie wewe mkubwa uamue. Nimekuandikia kama alivyotaka, lakini nakuomba usiamue. Mjomba aje kwanza akalisugue banda langu kwa mikono yake, ndipo nimpigie magoti na chai nimpikie. Kabla ya hapo sisogei.

Yule wa sita nimemweka kwenye boksi la viatu, hapa mezani ninapoandikia. Leo amemeza punje saba na hazijarudi. Karatasi yake naitundika kila asubuhi kwenye mlango wa barabarani, kila apitaye aione. Mama anaona aibu na majirani wananicheka. Bado ni ya kijani, na itakaa hapohapo.

Msalimie wifi na watoto, umwambie yule wa mwisho kwamba mimi shangazi yake sijasahau ahadi ya kofia. Mama anakusalimu sana, na shangazi yetu mshonaji pia. Mjomba hajatuma salamu. Mungu akulinde huko uliko, na akupe majirani wasemao kweli.

Mimi dada yako akupendaye,
niliyenyamaza mara moja tu.