Mwanao Si Mtu wa Kinondoni Tena

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Fatuma kaniambia umeanza tena kushinda dukani mpaka adhuhuri, na mie sijapenda. Huku Maskati mie na mume wangu tu wazima, ni joto tu linalotutoa roho.

Nimeamua kuandika kwa sababu Nasoro mwanao atakupigia, nami nataka haya uyasikie kwangu kwanza. Kwenye simu ungenikatiza ukamtetea.

Mwanao si mtu wa Kinondoni tena. Hapa anaitwa Nasir, eti kazaliwa Maskati, kakulia Dubai, na Tanzania anaijua kwenye ramani tu. Nikimwita sokoni kwa Kiswahili anajifanya hanioni. Mtoto aliyekuwaga na domo kuliko watoto wote wa mtaa, leo anaongea Kiarabu cha kujikamua mpaka mume wangu anatoka nje akacheke.

Mwezi uliopita akaenda kuposa. "Zuhura, mama asijue kwanza," akaniambia. "Wale ni watu wazito." Nikamuuliza nani atasimama kama mama. Akasema keshapata mtu. Mama, kamchukua jirani yake, mjane wa hapahapa, kamvalisha abaya jipya, eti ndiye aliyemzaa! Nilikwenda kama dada yake, sikatai. Nilitaka nimwone mtu anavyomkana mama yake mchana kweupe.

Tukiwa upande wa wanawake, bibi yake binti anayeposwa akataka kumwona mposaji. Nasoro akaletwa, kifua mbele, salamu ndefu. Bibi akamtazama, kisha akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu:

"Karibu, baba. Nyie kwenu hasa ni wapi?"

Kumbe bibi kakulia Tanga!

Nasoro akatabasamu, akajibu kwa Kiarabu kwamba lugha hiyo haifahamu. Bibi akaitikia kwa kichwa kama aliyeridhika. Akanywa kahawa yake. Halafu akasema taratibu, kwa Kiswahili kilekile, wala hamwangalii:

"Masikini, kanzu nzuri hivyo, kahawa imemmwagikia mapajani."

Mama, yule mpumbavu akainama! Akaanza kupangusa kanzu safi kabisa.

Wanawake walicheka mpaka vikombe vikatikisika. Mjane akajifunika uso kwa ushungi. Bibi peke yake hakucheka. Akanigeukia mie.

"Mama yenu yu hai?"

"Yu hai, bibi. Yuko Kinondoni, Dar es Salaam."

"Basi huyu aje naye. Bila yeye hatuna mazungumzo."

Njia nzima Nasoro alinilaumu kwamba nimemharibia. Alilaumu kwa Kiswahili, tena cha matusi. Nusura nimtemee mate.

Kwa hiyo atakupigia, sauti ya asali, na tiketi juu. Atasema amekukumbuka. Kuja au kutokuja ni juu yako, wewe ndiye mzazi. Ila ukikubali, sharti lako liwe moja: uwanja wa ndege akupokee yeye, na akuite mama kwa Kiswahili, watu wakisikia.

Nisalimie Fatuma, na umwambie dada yangu huyo akufungie duka mapema. Nisalimie shangazi wa Goba, na baba mdogo wa Mabibo, yule aliyemfundisha Nasoro kuendesha baiskeli.

Nasoro mwenyewe hakunipa salamu za mtu yeyote huko. Labda Nasir hawajui.

Ni mie mwanao,
Zuhura